Ijumaa Sitini na Moja za Gesare

Saa nane mchana, siku ya Ijumaa, Nyasani Ongeri anabonyeza kitufe cha laptopu yake, anasubiri taa iwake, kisha anainuka kwenda kubandika maji ya chai kwenye jiko la gesi. Hana haraka. Anajua maji yatachemka, majani yatatiwa, maziwa yatatiwa, kikombe cha kwanza kitaisha, na kompyuta bado itakuwa inajikokota.

Kibanda chake kiko mjini Keroka, hatua chache kutoka barabara ya Kisii kwenda Kericho, katikati ya duka la mbolea na kinyozi. Malori yakipita, mabati yanatetemeka. Juu ya mlango kuna kibao cha rangi ya samawati: "Gesare Printers. Vijitabu vya Mazishi. Tunaandika Wote."

Mteja wake wa leo ni Ochoki, mkulima wa chai kutoka Nyacheki. Amekaa kwenye benchi, kofia magotini. Mama yake mzazi amefariki na atazikwa Alhamisi ijayo. Anachotaka kinaonekana kidogo: kijitabu cha mazishi ya baba yake, kilichotengenezwa papa hapa miaka minane iliyopita, ili cha mama kifuate mpangilio uleule.

"Mzee alikuwa na nyumba tatu," Ochoki anaeleza. "Ile orodha ya watoto ilitugharimu kikao ya siku mbili. Wazee wakakubaliana nani anaandikwa wapi. Mimi sitaki hiyo maneno ianze upya."

Nyasani anamwelewa. Katika kazi hii, jina likikaa pasipo mahali pake watu wanaweza kurushiana makonde kaburi likiwa bado wazi.

Dakika ishirini na tatu baadaye kompyuta inafunguka. Analitafuta jalada la familia ya Ochoki, anabonyeza mara mbili. Kishale kinageuka kuwa saa ya mchanga. Kinabaki hivyo. Chai inapoa. Skrini inakuwa nyeupe yote, na hata kishale chenyewe kinaganda.

Ochoki anavaa kofia yake. "Omogaka, mzee wangu, mimi ninakuheshimu. Marehemu mkeo, Mama Brandon, alitufanyia kazi safi. Lakini kama Jumanne haijatoka, nitapeleka Kisii."

"Jumanne itatoka."

"Hata shemeji yangu ulimwambia hivyo."

Nyasani anaigeukia laptopu. Anazima kwa kukandamiza kitufe, anafunga mlango kabla jua halijainama, kwa maana yeye ni Msabato na Sabato haingoji mtu amalize kazi. Mtu wa miaka arobaini na saba, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya kulimia, anatembea kuelekea stendi akiwa amekumbatia laptopu kifuani kwa mikono yote miwili.

Ili kumwelewa Nyasani, lazima kwanza umjue mwenye jina lililo kwenye kibao.

Gesare alikuwa mkewe. Ndiye aliyeanzisha kazi hii miaka kumi na tano iliyopita, kwa kompyuta kuukuu ya mezani na programu ya kupanga kurasa aliyoinunua kwenye sidii. Nyasani wakati huo alikuwa akilima migomba huko kwao Manga, na siku za soko alishuka Keroka kumsaidia kukunja karatasi na kupiga pini.

"Mimi nilikuwa mtu wa stepla," anasema, na anacheka kidogo. "Yeye ndiye alikuwa mtu wa kichwa."

Familia zaidi ya mia nane zilipita mikononi mwa Gesare. Kila moja aliiwekea jalada lake, maana alijua zitarudi. Msiba wa babu huja, kisha wa bibi, kisha wa mjomba, na kila mara watu wanataka orodha ileile isiyoleta ugomvi. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza kwa mtu yeyote, awe tajiri au maskini: mtoto aliyekufa haachwi nje, wala hatupwi mwisho wa ukurasa. Anaandikwa mahali alipozaliwa. Maneno "Tunaandika Wote" ni yake.

Sheria hiyo ilikuwa na chanzo. Mtoto wao wa kwanza, Linda, alifariki akiwa na miaka minne kwa homa ya siku tatu. Waliomfuata, Brandon na Sharon, wako hai. Lakini majirani, kwa kutaka kumpunguzia uchungu, waliacha kumwita Mama Linda na wakaanza kumwita Mama Brandon. Nyasani naye akafuata mkumbo.

"Nilifikiri ninamsaidia," anasema. Halafu mwanamume huyu mkubwa anajipangusa macho kwa kiganja bila kuona haya.

Miaka michache iliyopita, ile kompyuta ya mezani ilianza kuzimika yenyewe. Gesare alinunua laptopu ya mtumba, lakini programu yake ya sidii ilikataa katakata kufanya kazi humo, na bila programu hiyo majalada mia nane yasingefunguka. Ndipo alipompata Ayan Abdirashid, fundi wa kompyuta mwenye duka mjini Kisii. Ayan aliichukua kompyuta ile ya zamani, na kila kilichokuwa ndani yake, akaihamishia ndani ya laptopu. Ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta. Ukiifungua, inatokea kwenye dirisha lake, na picha ileile ya maua ya manjano na programu ileile ya sidii, kama vile haijawahi kuzeeka.

Nyasani huiita "ile ya ndani."

Ayan alimfundisha Gesare jambo moja zaidi. Kabla ya kubadilisha kitu kikubwa, unaweza kuipiga ile ya ndani picha: siyo picha ya kutazama, bali hali yake yote ilivyo dakika hiyo, ili ukiharibu uweze kurudi pale. Picha hiyo unaipa jina. Ayan alikuwa na maana ya mara mojamoja.

Lakini Gesare alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa mchana nyumba inafagiliwa, chakula kinapikwa, viatu vinang'arishwa, kila kilichofunguliwa kinafungwa. Aliona hii picha inafaa sana kuwa namna ya kufunga juma. Basi kila Ijumaa, kabla ya kuzima, akapiga moja. Kila moja akaiandikia maneno machache. Hakukosa hata Ijumaa moja kwa miezi kumi na minne. Zilifika sitini na moja.

Siku ya Jumatatu baada ya ile Ijumaa ya sitini na moja, mnamo Novemba, Gesare alianguka shambani kwao Manga akichuma mboga. Alikuwa na shinikizo la damu ambalo alilificha kama alivyoficha mambo mengi. Alifariki kabla gari halijafika barabara ya lami.

Kilichofuata ndicho kinachomnyima Nyasani raha hadi leo. Aliifungua ile ya ndani ili amtengenezee mkewe kijitabu. Ikaganda. Akaizima, akaiwasha, ikaganda. Siku mbili nzima alikaa mbele yake huku waombolezaji wakimsubiri nyumbani. Asubuhi ya mazishi mtu mmoja akakimbia mahali pa kuchapisha, akaandikisha karatasi moja, ikatolewa nakala.

Gesare, aliyewapamba marehemu wa kata nzima, alizikwa kwa karatasi moja isiyo na picha. Na karatasi hiyo ilisema ameacha watoto wawili.

"Sharon alinivuta koti pale kaburini," Nyasani anakumbuka. Binti huyo alikuwa na miaka kumi na mitatu. "Akaniuliza, 'Mbona wamesema wawili? Linda je?' Watu mia tatu walikuwa hapo. Mimi nilikosa pa kuangalia."

Tangu siku hiyo ana neno moja tu moyoni. Desemba familia itajengea kaburi na kufanya ibada ya kumbukumbu. Anataka siku hiyo Gesare awe na kijitabu chake, kwa programu yake mwenyewe, na watoto wote watatu.

Na anajua hata pa kuanzia. Ndani ya ile ya ndani mna jalada linaloitwa "Mfano". Ni kijitabu ambacho Gesare aliwaonyesha wateja wapya ili wachague mtindo. Hakutaka kuonyesha watu msiba wa jirani yao, kwa hiyo alitumia jina lake mwenyewe, picha yake, watoto wake. Kina mama walimgombeza: mbona unajiandikia kifo? Alikuwa akicheka na kuwaambia kwamba hajaandika tarehe, basi wasiwe na wasiwasi.

Tatizo ni kulifungua: vijitabu vipya hutoka kwa taabu, lakini majalada ya zamani yanaigandisha.

Nyasani alijaribu ya kwake. Aliongeza ram, kumbukumbu ya kompyuta, kwa shilingi elfu tatu, laptopu ikawa na giga nane, na mambo yakawa yaleyale. Akaona basi aipe ile ya ndani karibu zote, kwa sababu ndiyo yenye kazi. Ikawa mbaya zaidi. Alifuta filamu na nyimbo zote za Brandon ili diski ipate nafasi. Na kila Ijumaa, kwa heshima ya mkewe, akaendelea kupiga picha. Yeye hakuandika maneno, aliweka tarehe tu. Zake zimefika ishirini na saba.

Jumapili, siku ambayo Msabato na Mwislamu wote wako kazini, Nyasani anashuka Kisii mjini na laptopu yake. Ayan, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja mwenye miwani na ushungi wa kijivu, anamkaribisha kiti na kumpa pole upya, maana hawajaonana tangu msiba.

Anaanza kupekua. "Baba Brandon, hii umeipa giga saba kwa nane?"

"Si ndiyo inafanya kazi?"

"Sawa, lakini hii ya nje ndiyo inaibeba. Ukiinyima kila kitu, itaanguka nayo. Tunaipa nusu." Anapunguza. Anaizima laptopu, anaingia kwenye mipangilio ya chini kabisa, anawasha sehemu inayoisaidia kubeba kompyuta nyingine ndani yake, ambayo ilizimika betri ilipobadilishwa. Anaizuia programu ya kukagua virusi isipekue jalada la ile ya ndani kila dakika. Anamwonya asifanye kazi bila kuchomeka chaja. Inawaka kwa dakika kumi na nne.

"Bado kuna kitu," anasema. Anafungua orodha ya picha. Inateremka. Inateremka tena. Ayan anavua miwani.

"Wooi. Themanini na nane? Mzee, hii ni noma."

Anamweleza taratibu, kwa sababu anaona uso wake. Ukipiga picha, kompyuta inaacha ukurasa wa zamani ulivyo na kuanza kuandika kwenye mpya. Kufungua jalada moja la zamani inabidi irudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, themanini na nane, ikiuliza kila mahali kama lipo. Ndiyo sababu inachoka. Ndiyo sababu diski imejaa.

"Kwa hivyo?" Nyasani anauliza.

"Kwa hivyo tunazifuta."

Nyasani anaifunga laptopu. Anachomoa waya, anaiweka kwenye mfuko, na kutoka bila kuaga. Anavuka barabara akiwa haoni vizuri, pikipiki inampigia honi, naye hageuki. Mtu huyu wa adabu, ambaye humwamkia hata mtoto wa chekechea!

Ayan anamkuta mbele ya duka la viatu, akihema. "Baba Brandon, ngoja. Kazi haipotei. Ninaunganisha kurasa zote ziwe moja. Majalada yake yote yatabaki. Kitakachopotea ni majina ya picha tu."

"Majina tu," Nyasani anarudia. "Umeyasoma?"

Hakuwa ameyasoma. Nyasani mwenyewe alikuwa hajayasoma, ukiacha mawili matatu. Alikuwa akiipita orodha hiyo haraka kila Ijumaa, kama mtu anayepita mlango wa chumba ambamo mgonjwa alilala.

Wanasimama pale, watu wakiwapita. Kisha Ayan, ambaye anakiri kwamba hakuna darasa lililomfundisha hilo, anamwambia: "Nenda ununue daftari."

Jumatatu asubuhi, kibandani Keroka, Nyasani anafungua daftari la kurasa tisini na sita na kuanza kunakili. Ayan amepanda kutoka Kisii kwa gari la asubuhi na diski ya nje, ya kuhifadhia nakala ya kila kitu kabla ya kugusa lolote. Anakaa kwenye benchi ya wateja, anasubiri.

Nyasani anaandika pole pole, mwandiko wa mtu wa jembe.

"Ijumaa. Mvua. Wateja sita, nimeshukuru Mungu."

"Ijumaa. Nyasani amekunja vijitabu mia mbili bila kulalamika. Nitampikia."

"Ijumaa. Nyasani amelalamika."

Hapo anacheka.

Anaendelea. Mwezi wa karo. Mwezi wa Sharon kuvunja jino. Kichwa kinauma. Kichwa kinauma tena. Anafika ya arobaini na tatu, na kalamu inasimama.

"Ijumaa. Leo Linda angetimiza miaka ishirini na mmoja. Sijamwambia Nyasani, atahuzunika."

Anasoma kimyakimya, kisha kwa sauti, kisha anaweka paji la uso juu ya daftari na kulia. Analia kwa sauti, kinyozi wa jirani anazima mashine yake na kuja hadi mlangoni, akaona, akarudi. Ayan anatazama chini.

"Mimi pia nilikuwa nahesabu," Nyasani anasema hatimaye. "Kila mwaka. Nilinyamaza nisimhuzunishe. Miaka yote hiyo tunalala kitanda kimoja, kila mtu anahesabu peke yake."

Ya sitini na moja ni fupi. "Ijumaa. Nimechoka kidogo. Jumatatu nitamalizia."

Anainakili. Anatazama ishirini na saba zilizobaki, zake, tarehe tupu, wala hajisumbui kuzinakili. Anasogeza kiti. "Sasa futa," anamwambia Ayan.

Kuunganisha kunachukua saa tano na nusu. Nyasani hatoki kibandani. Kila picha ya Gesare ikifutika kwenye orodha anatia alama ndogo kando ya jina lake kwenye daftari, mpaka orodha ya skrini inabaki tupu na daftari limejaa alama.

Jumanne asubuhi anabonyeza kitufe na kuinuka kwenda kubandika maji, kama kawaida yake. Anapogeuka, maua ya manjano yameshatokea. Amepima: dakika moja na sekunde arobaini. Maji hata hayajaanza kuimba. Anabaki amesimama na kikombe mkononi, hajui afanye nini na muda wote huo.

Jalada la familia ya Ochoki linafunguka kwa kubonyeza mara mbili. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mtoto mahali pake, pamoja na pacha aliyefariki akiwa wa wiki moja. Kufikia saa nane mchana vijitabu mia mbili na hamsini viko kwenye katoni. Ochoki anafunua kimoja, anapitisha kidole kwenye orodha hadi mwisho.

"Buya, vizuri sana," anasema. "Hapa hakuna mtu atapigana." Anafika mlangoni, anageuka. "Na cha Mama Brandon je?"

Swali hilo linamkuta Nyasani pabaya. Ni mpaka Ijumaa ndipo anajikaza kulifungua jalada la "Mfano". Linafunguka mara moja, wala halimpi nafasi ya kujiandaa. Gesare anatabasamu, amevaa gauni la zambarau la kanisani. Chini yake, kwa herufi zake za kupenda: "Mama wa Linda (marehemu), Brandon na Sharon." Watatu, kwa mpangilio. Alikuwa ameshaandika mwenyewe, muda wote.

Kilichobaki ni mstari mmoja. "Alizaliwa 3 Machi 1981. Alifariki", halafu nukta nyingi alizoziacha.

Nyasani anasema amejaza tarehe za watu wengi tangu mkewe aondoke, wala hajawahi kusita. Leo anaweka kishale kwenye nukta ya kwanza, anatoa vidole, anaweka tena, anatoa.

Mpango wake ni huu. Atachapisha mia tatu, idadi ileile ya watu waliopewa ile karatasi. Hatangoja wote waje Desemba, kwa kuwa wengine ni wazee na mlima wa Manga hauwahurumii. Atavitia kwenye gunia safi na kuzipitia njia za miguu, nyumba kwa nyumba, yeye na Sharon, na kila mlangoni atasema: ile karatasi mliyopewa ilikuwa na kosa, shikeni hiki. Ayan amemwambia asiweke picha zaidi ya moja, akipiga mpya afute ya zamani, na nakala ikae kwenye diski ya nje. Amekubali.

Inapata saa kumi jioni. Kinyozi anafunga. Jua bado liko juu ya mgongo wa milima, lakini Sabato iko njiani na nukta ziko palepale. Nyasani analifunga jalada bila kuandika kitu. Anapiga picha moja, ya pekee katika orodha iliyo tupu. Kisanduku cha jina kinatokea, na kwa mara ya kwanza haandiki tarehe.

Anaandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi:

"Ijumaa. Mama Linda, sasa inafunguka haraka. Jumatatu nitamalizia."